Mbuzi Tuliyemla kwa Tisa ya Kiingereza

Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa masomo ya jioni, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwa wazee wetu wa kaskazini mwa Katanga, na kwa wale wa Kasai walikotoka wakwe zangu, mkwe ni kama jua la saa sita mchana: unajua lipo, unatembea chini yake kwa adabu, lakini hulikodolei macho. Huli naye sahani moja. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini kidogo apite. Na swali, jamani, swali humwulizi kabisa. Anayetaka kujua jambo kutoka kwa mkwe humtuma mke wake.

Sasa mweke mtu wa namna hiyo ubaoni, chaki mkononi, anafundisha hesabu na fizikia pale Musonoi, mtaa wetu wa wachimbaji mjini Kolwezi, na mimi niko dawati la nyuma kabisa nimejikunja. Tulisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, wanaume wazima tuliotoka karakana na mashimoni, magoti yamefika masikioni. Vumbi la shaba lilikuwa limetuingia hivi kwamba mmoja akipiga chafya, kampuni ya migodi ingeweza kuiyeyusha ile chafya na kuiuza Ulaya. Kila mwisho wa somo mwalimu aligeuka akauliza nani hajaelewa. Alimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Mimi niliitazama dari. Nadhani hakuna mtu katika Kongo nzima aliyeijua ile dari kuliko mimi. Mpaka leo naweza kuichora, na misumari yake yote.

Logarithimu, kwa mfano, sikuzielewa kiangazi kizima. Nilizibeba hadi nyumbani, nikamweleza mke wangu nilipokwama, mke wangu akaenda kwa baba yake Jumapili baada ya misa, akarudi na jibu. Kwa kubeba maswali yangu huku na huko, alifika mahali akawa ananisahihisha huku anasonga bukari, huo ugali wetu, bila kugeuza kichwa.

Hayo yalikuwa maisha mazuri, ingawa wakati ule tulidhani ni ya taabu. Nilikuwa msaidizi wa fundi katika karakana ya kutengeneza mota za mashine kubwa za kuchimbia. Halafu mashine moja ilisimama ikingoja kipuri. Ya pili ikasimama ili ya kwanza ipate vipuri vyake. Mwishowe zote zilisimama kama ng'ombe waliolala, na king'ora kilichokuwa kikiuamsha mji mzima kila asubuhi kikanyamaza. Watu wa Kolwezi tulianza kuchelewa kuamka, na hapakuwa na mtu wa kutulaumu, kwa sababu hapakuwa na kazi ya kuchelewea.

Njaa inapoingia mji, hutafuta mtu wa kumtupia lawama. Redioni yakaanza maneno kwamba kazi zetu zimeliwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Babu wa mke wangu aliletwa na kampuni kuchimba shaba wakati Kolwezi ilikuwa pori. Baba yake alizaliwa hapa, yeye mwenyewe alizaliwa hapa, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kasai hakuwa ameiona hata kwenye kalenda. Lakini majirani walioazima chumvi kwa wakwe zangu miaka yote walikuja na mawe, na vijana wakakaa kwenye vizuizi vya barabara wakiwauliza watu kwao ni wapi. Hapa siongezi chumvi. Sina haja ya kuongeza.

Wakwe zangu walikwenda stesheni ya reli wakiwa na godoro na sufuria, wakalala huko chini ya mashuka ya plastiki na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ya mabehewa ya mizigo isiyojulikana itakuja lini. Masomo ya jioni yakafa siku hiyohiyo, maana mwalimu ndiye aliyekuwa shule yenyewe. Ofisi ya shule iling'olewa milango, kisha kabati, kisha karatasi. Siku moja nilinunua karanga sokoni, nikafungua ile karatasi, nikakutana na alama zangu za jiografia za mwaka wa tano. Nilizila zile karanga kwa huzuni, lakini nilizila.

Huo ulikuwa msiba mkubwa kuliko ulivyoonekana. Kwetu, ili ufanye mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, unatakiwa kuonyesha ripoti za miaka miwili ya mwisho. Zangu zilikuwa zimefungia karanga mji mzima. Na wakati huo ndipo nilipouhitaji mno huo ushahidi wa kumaliza shule. Huko Nzilo, kwenye bwawa la umeme, walikuwa bado wanachukua wanafunzi wa kutunza mitambo, kwa sababu migodi hulala lakini maji ya mto Lualaba hayalali. Mkuu wa mafunzo alinifahamu; niliwahi kwenda huko na mafundi wenzangu kutengeneza mota. Aliniambia atanishikia nafasi mpaka mvua za kwanza, ila nimletee ushahidi wa hesabu, fizikia na lugha moja ya sekondari. Na pamoja na nafasi ilikuwapo nyumba, ndani ya kambi ya bwawa, mbali na vizuizi na mawe juu ya bati.

Mke wangu alinituma, au tuseme nilimtuma yeye, stesheni, kumweleza baba yake. Nilikwenda naye kubeba maji. Baba mkwe alikuwa ameketi juu ya godoro lililoviringishwa, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu kama siku ya ukaguzi. Mimi nikakaa mbali kidogo, umbali wa mkono, nikayatazama mataruma ya reli. Akasikiliza habari yote ya Nzilo. Kisha akamwambia binti yake:

"Ambia bwana yako asikie muzuri. Kuko mutihani ingine, ya inchi ya inje. Ile haiulizake ulisomea wapi. Inauliza tu kama unajua ao haujue."

Mke wangu akanigeukia, nami nikiwa pale pale, akaniambia, "Baba anasema kuko mutihani ingine."

Nikamwambia amwambie nimesikia.

Basi hivyo, kwa kupitia kinywa cha mke wangu, nilipata somo la mwisho la baba mkwe, na lilikuwa somo bora kuliko yote. Alieleza kwamba ng'ambo ya mpaka, kwenye nchi ya shaba ya wenzetu wa Zambia, iko shule ya misheni inayopokea watahiniwa wa kujitegemea, watu wasio na darasa wala mwalimu. Hutakiwi kuleta ripoti. Unaleta kitambulisho, picha na kichwa chako. Masomo unachagua mwenyewe: unataka mawili, mawili, unataka sita, sita. Karatasi zinatungwa mbali, ng'ambo ya bahari, na zinasahihishwa huko huko na mtu asiyekujua wewe wala kabila lako. Mtihani huja mara mbili kwa mwaka. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba huanguki mtihani wote kwa pamoja kama kwetu, ambapo ukivuta mkia kidogo tu mwaka wote unamwagika.

"Ile anashinda inabakia yake mpaka kufa," alisema. "Ile anaanguka anairudilia peke yake, hata mwaka ya kesho. Ni kama mutu mwenye kujenga nyumba. Akikosa bati leo, habomolake ukuta."

Nilikuwa na swali. Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi: alama zinatolewaje? Lakini mke wangu alikuwa analia kidogo wakati ule, na mkwe ni mkwe, nikalimeza. Nikajiambia alama ni alama. Kumi juu ya kumi ni kumi juu ya kumi hata mbinguni. Na yeye, kwa kuwa aliwahi kufundisha huko ujanani na jambo lilikuwa wazi kwake kama mchana, hakulitaja.

Alitaja jambo lingine, na hilo alilisema polepole. Kama mvua za kwanza zikifika na mumewe hana nyumba salama ya kumweka, basi apande treni itakayofuata, awafuate wazazi wake. Mke wangu hakunitafsiria hilo. Alikwenda nyumbani, akatandaza kitenge chake cha kijani chini, akapanga vitu, akafunga furushi kwa fundo kubwa kama kichwa cha mtoto, akaliweka nyuma ya mlango. Treni ya wakwe iliondoka. Furushi likabaki. Kila nilipofungua mlango liligongwa, likanijibu kwa sauti ya sufuria.

Wakati huohuo lilitokea janga dogo: shati langu jeupe, la pekee, la misa na harusi na mitihani, lilipotea. Nilitafuta kila mahali. Nikahitimisha kwamba waporaji wameingia, nikawaeleza majirani jinsi walivyokuwa watatu, kisha watano, na kufikia Jumamosi walikuwa tisa na mmoja alikuwa na bunduki. Mke wangu alisikiliza tu.

Nilisoma kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilichagua hesabu na fizikia kwa sababu ya Nzilo. Nilichagua Kifaransa, maana tulipigwa fimbo kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza na niliona ni wakati wa kulipwa. Nilichagua Kiswahili, kwa sababu, nilijiambia, mimi nilizaliwa nacho mdomoni, mtu gani wa ng'ambo ya bahari ataniuliza Kiswahili nishindwe? Na Kiingereza nilichagua kwa kiburi. Kiingereza changu nilikuwa nimekipata kwa madereva wa malori kule Fungurume, wanaoleta unga kutoka Zambia. Nilijua kusalimia, kununua unga, na kutukana tairi. Kwa kuwa karatasi za hesabu na fizikia nazo huandikwa kwa Kiingereza, nilijifunza yale maneno machache yanayorudiwa: tafuta, onyesha, chora, linganisha. Hesabu yenyewe haina kabila.

Nilipanda lori tupu, nikavuka mpaka, nikafanya mtihani nikiwa nimevaa ovaroli ya karakana, katikati ya vijana wa sare zilizopigwa pasi. Msimamizi alinitazama kwa muda, nadhani alifikiri nimekuja kutengeneza feni. Nilirudi nikamsimulia mke wangu kila kitu. Nikasema Kifaransa kilitiririka kama maji ya bwawa. Nikasema hesabu niliimaliza nikaanza kuwahurumia wenzangu. Kuhusu Kiingereza, nilisema niliandika jina langu, nikasoma hadithi ya mtu aliyepoteza mwavuli, nikalala.

Kisha tukangoja. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Nzilo, na mke wangu akawa anayatazama kuliko anavyonitazama mimi.

Matokeo yaliletwa na dereva mmoja wa malori, mtu mwema mwenye sauti kama honi ya lori lake. Nilikuwa nimemwomba apitie kwenye misheni. Badala ya kuniletea nyumbani, alisimama sokoni Musonoi, mbele ya meza ya mke wangu ya nyanya na samaki wakavu, akaifungua karatasi na kuisoma kwa watu wote, akianzia chini kwa sababu alikuwa ameishika vibaya.

"Kingereza, tisa," alisoma.

Soko likalipuka. Tisa juu ya kumi, katika lugha ambayo hakuna mtu Musonoi aliyeijua. Mama mmoja muuza chumvi alipiga kigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

"Kiswahili, nane."

Kigelegele kingine.

"Fizikia, ine." Nne tu, na hapo sauti ilishuka. "Hesabu, mbili. Kifaransa, moja."

Watu wakaniangalia kwa huruma, kisha kwa adabu wakarudia kushangilia tisa. Nilisimama pale nikiwa nimegawanyika kama gogo. Mbili juu ya kumi katika hesabu. Moja katika Kifaransa, mimi, niliyeota ndoto kwa Kifaransa. Nzilo ilikuwa imekwisha. Lakini ukiwa mtu wa kucheka siku zote, watu hawakuruhusu kuacha. Majirani waliamua kwamba tisa haiwezi kupita bila nyama. Mmoja akaleta mbuzi wake mwenyewe, mwingine unga, wengine sombe, yale majani ya muhogo, na kabla sijajua niko mwenyeji wa karamu. Niliinuka nikatoa hotuba kwa Kiingereza. Nilisema habari za asubuhi, nikasema unga huu ni mzuri, nikatukana tairi kidogo kwa heshima, wakanipigia makofi mpaka mikono ikauma. Mmoja wa wale waliokuwa wakikaa kwenye kizuizi alikuja pia, akala, akaniita profesa. Mke wangu alimpakulia nyama. Hakumpakulia mchuzi.

Jioni ilipotulia na majirani wakaenda, mke wangu alikwenda nyuma ya mlango, akainama, akalikaza fundo la furushi. Nikaanza kuosha sahani za karamu. Hiyo inatosha kueleza hali yangu.

Asubuhi, nikiwa ninapiga mswaki uani, alikuja akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Siku ulitoka ku mutihani ya Kingereza, ulisema nini?"

"Nilisema ilikuwa nguvu, ilinishinda."

"Ulisema uliandika jina, kisha ukalala."

"Niliongeza chumvi kidogo, mama."

"Hapana. Mi naolewa na weye tangu myaka ngapi? Weye unaongezaka chumvi mu bizuri. Mu bibaya byako mwenyewe hauongezake hata punje. Kama ulisema ulilala, ulilala." Akahesabu kwa vidole. "Sasa mutu mwenye kulala, namna gani anapata tisa?"

Nilibaki na mswaki mdomoni. Ni jambo gumu mtu kutetewa kwa kuambiwa hawezi kuwa ameshinda. Lakini alikuwa na haki. Karatasi ya Kifaransa niliijaza mpaka pembezoni. Ya Kiingereza niliirudisha nyeupe kama ilivyokuja. Ama msahihishaji wa ng'ambo alikuwa amelewa, ama kulikuwa na jambo tusilolijua. Na mtu aliyelijua alikuwa Kasai.

Parokiani kulikuwa na fonie, ile redio ya upepo ambayo unapiga kelele hapa, mtu wa jimbo lingine anasikia kama yuko ndani ya debe. Unasema, unamaliza, unaachia kidude, unangoja. Na kila mtu aliyeko kwenye foleni husikia mambo yako yote, kwa hiyo huko Kolwezi hatukuhitaji gazeti. Padre alipanga saa na parokia ya huko, nao wakampelekea baba mkwe habari. Tulipofika siku iliyopangwa, alikuwapo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, nilivisikia.

Mke wangu akamsalimia, akauliza afya ya mama, akaambiwa mama yuko, analima, anasema udongo wa huko haumjui. Kisha akauliza lile swali nililolimeza stesheni. Alama zinatolewaje?

Mkwaruzo. Halafu:

"Ambia bwana yako ile si points. Ni mustari, kama ya kuingia kanisa. Moja ni ule mwenye kuwa mbele, na mpaka sita wanaingia. Tisa ni ule mwenye kubakia inje." Akaongeza, "Alipata ngapi mu hesabu?"

"Mbili, baba," alisema mke wangu, na sauti yake ikapasuka katikati. "Fizikia ine. Kifaransa moja."

Redio ikakwaruza tu, mpaka padre akafikiri betri imekufa. Kisha nikasikia kitu ambacho katika miaka yote ya ndoa na ya dawati la nyuma sikuwahi kukisikia: baba mkwe alikuwa anacheka. Alicheka kama mtu anayejifunza kucheka.

"Ambia bwana yako," alisema alipomaliza, "nilimufundisha miye. Na Kingereza?"

Mke wangu alinitazama. Nikatazama dari ya parokia. "Tisa, baba. Tulichinja mbuzi."

Foleni nzima nyuma yetu ililala chini kwa kicheko. Kufikia saa sita mchana Musonoi yote ilijua kwamba imekula mbuzi mzima kwa ajili ya somo nililoanguka. Wengine walidai sasa nichinje wa pili kwa ajili ya masomo niliyoshinda. Yule muuza chumvi alisema anataka kigelegele chake kirudishwe.

Kuelewa mimi mwenyewe kulikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa Nzilo, kwa sababu mkuu wa mafunzo alisoma katika shule za kwetu, mahali ambapo mbili ni aibu ya familia. Nilikwenda siku iliyofuata, juu ya gari lililobeba nguzo, na tone la kwanza la mvua likanipiga usoni kabla hatujafika. Naapa lilikuwa kubwa kama yai.

Mkuu wa mafunzo alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Nasikia ulipata tisa ya Kingereza," alisema. "Hapa mashini haisemake Kingereza. Hesabu?"

"Mbili, tata," nikasema, ndiyo kusema baba.

Akaivua miwani. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimesafiri njia yote ile kuja kumwambia mbili. Nikamweleza habari ya mstari wa kanisa. Akaniuliza ni nchi gani ambako mbili ni kubwa kuliko tisa. Nikaona mlango unajifunga polepole, na nyuma ya mlango ule niliona mwingine, na furushi.

"Tata," nikasema, "mu darasa yenu, mutoto wa kwanza alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na wa mbili?"

"Wa pili. Ule nilikuwa mi."

"Basi ni ile. Bazungu ba ng'ambo habatoe points. Banatoa nafasi."

Alifikiri. Nafasi ya pili aliipenda, niliona. Lakini mkuu wa mafunzo si mtu wa kuamini mstari wa kanisa. Alininyoshea chaki, akaniambia niache namba za karatasi, nimpe zangu. Alitaja urefu wa maporomoko, akataja maji yanayopita kwenye bomba kwa sekunde moja, akasema nitafute nguvu inayotoka, na nisisahau kwamba mtambo hula sehemu yake. Nikaenda ubaoni. Nitasema ukweli: sikuitazama dari. Nyuma yangu hakuwapo mkwe. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mbele ya ubao na mtu ninayeruhusiwa kumwuliza swali, nikamwuliza matatu ili tu nifurahie. Alijibu yote. Nikaandika jibu, nikalizungushia duara, nikaweka chini yake mstari ambao haukuhitajika.

Akavaa tena miwani yake. Akauliza juu ya masomo yaliyobaki, hiyo nane na hiyo tisa. Nikamwambia nitayarudia hayo tu kipindi kijacho, na nikishinda yanaungana na haya. Jambo hilo lilimshangaza kuliko mbili. Alirudia mara kadhaa, diploma ya kuongeza tofali kwa tofali, akitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kuku mwenye meno. Halafu akauliza, akiandika, mke wangu ni wa wapi.

"Wa Kolwezi, tata. Tulizaliwa hospitali moja."

Kalamu ilisimama kidogo. Alijua nilichokuwa nasema na nisichosema.

"Muzuri," alisema. "Nyumba yenu ni ile ya mwisho, karibu na maji. Iko na kelele."

Tulihamia mvua ikiwa imeanza kweli. Kelele ilikuwapo, na mke wangu alisema ndiyo kelele ya kwanza kwa mwaka mzima ambayo haimfanyi ainuke kitandani. Kiingereza nilikirudia kipindi kilichofuata na nikapata tano, alama ambayo haistahili mbuzi lakini inastahili kuku, na kuku tulimla. Kiswahili nilikirudia pia. Niligundua kwamba kile nilichozaliwa nacho mdomoni na kile wanachokiuliza ng'ambo ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Nilikaa na vitabu mpaka wakafahamiana. Nikapata tatu. Hiki unachokisoma ndicho nilichokipata, kwa hiyo kama umekwama mahali, mwulize mwalimu wako. Kama ni mkwe wako, mtume mke wako.

Siku ya kuhamia, baada ya kuingiza kitanda na dawati moja dogo nililoliokota katika magofu ya shule yetu, mke wangu aliliburuta furushi mpaka katikati ya chumba. Alikuwa amekataa kulifungua muda wote ule. Mama yake alimfundisha kwamba furushi la safari halifunguliwi mpaka safari ijulikane. Fundo lilikuwa limekazana hivi kwamba alilitafuna kwa meno. Alitoa sufuria. Alitoa shuka. Alitoa rozari ya bibi yake. Halafu akatoa shati langu jeupe, limekunjwa vizuri, na suruali yangu, na lile koti la mvua lenye tundu, na soksi zangu zote mbili.

Nilimtazama. Nilikumbuka waporaji tisa na bunduki yao.

"Shati ilikuwa humu tangu lini?"

"Tangu siku ya kufunga."

"Mi nilizania unaenda ku Kasai peke yako."

Akakitikisa kitenge, akakipima dirishani kuona kama kitatosha kuwa pazia.

"Na weye ulizania nilikuwa naenda na shati peke?"